Tetri Kumi

Lifti yetu hapa Gldani haipokei viapo.
Ukitaka kupanda, tumbukiza tetri kumi;
kushuka ni bure, kama lilivyo jambo hilo popote.
Kando ya mlango Tsiala ameweka kisahani cha udongo,
ukingo umebanduka:
mwenye chenji huacha, asiye nayo huchota.
Mara moja tu nilikikuta kitupu,
majira ya vita, na watu
wakapanda ngazi bila kusemezana.

Asubuhi ya tarehe ishirini na sita Mei
Tbilisi nzima ilitoa bendera madirishani,
nyeupe, misalaba mitano myekundu.
Ya kwetu ilitoka rangi ya waridi.

Tsiala aliifua usiku wa kuamkia sikukuu,
maji ya moto, pamoja na fulana za Jumber.
Damu nzito kuliko maji, husemwa.
Haya, wekundu wetu ulikutana na maji ya Tsiala.
Jumber, aliyeendesha basi
hadi magoti yakastaafu kabla yake,
alitazama fulana, akatazama bendera,
akasema, "Sare,"
akaitundika ghorofa ya saba.

Chini, kwenye benchi la domino, bunge likaketi.
Vazha akasema ni matusi:
babu yake hakukifia kitambaa cha kitoto.
Zaira wa tanuri la mkate akamkumbusha
kwamba matangani kwao alikuwepo,
na babu aliuawa na ini lake mwenyewe.

Saa saba akafika bwana wa manispaa,
suti, faili kwapani, jasho.
Akapapasa mifuko: kadi, kadi, kadi.
Nikachota kisahanini, nikalilipia taifa.

Kati ya ghorofa ya nne na ya tano
lifti ikakata shauri.

Ndipo nikawaona wale niliowaona pamoja mara ya mwisho
mwaka mabomba yalipopasuka.
Wa domino walipanda kwa miguu,
Vazha mbele, bisibisi mkononi.
Fundi, simu ikasema, yuko kwenye gwaride.
Zaira akapenyeza mkate kwenye ufa wa mlango,
ule mrefu wenye ncha kama jambia,
ukapokewa na mkono wenye saa.
Sauti ikauliza, kwa adabu, kama kuna jibini.

Tsiala akaketi kwenye ngazi akauambia ufa mambo yote:
sufuria, fulana, usingizi uliompitia,
na jinsi alivyoinunua bendera kwa pensheni ya Machi,
mwezi ambao vidonge vya presha alivikata nusu.
Ndani, kutafuna kukakoma.

Mimi sijui kusema naipenda nchi.
Shuleni tulifundishwa kuiimbia nchi nyingine
kwa makoo haya haya.
Najua wepesi wa tetri kumi kiganjani,
najua lifti hii naitukana kila siku ya Mungu,
na siku mpwa wangu alipokuja kutoka ugenini akaicheka
nilimnyima chai.

Walimtoa saa kumi na moja, kwa bisibisi na laana,
unga wa mkate kifuani kama nishani.
Hakupanda. Alishuka ngazi akishikilia ukuta,
akasimama uani, akatazama juu
muda wa kuvuta sigara moja, ingawa hakuvuta.
Faili halikufunguliwa.

Jumatatu tulikuta karatasi kisahanini,
sarafu imebandikwa kwa gundi ya plasta,
na mwandiko wa ofisini, wenye mistari iliyonyooka:
*Maji baridi. Siki vijiko viwili.*

Tsiala aliisoma mara mbili, akaikunja,
akaitia ndani ya kitabu cha dawa.
Sarafu akaiacha palepale.
Nilikuwa narudi sokoni, kilo sita za viazi,
mfukoni sina kitu.
Nikaibandua kwa ukucha, nikapanda.