Hakuna Jipya

Dada yangu Svetla amepiga simu kutoka Madridi.
"Habari za huko, Nevena?"
"Hakuna jipya," nikajibu,
simu nimeibana kwa bega,
mikono myekundu hadi viwikoni.

Hakuna jipya: pilipili hoho kilo sitini
zimeletwa na toroli ya jirani,
tumezichoma uani tangu alfajiri,
moja moja, mpaka ngozi ikavimba, ikawa makaa,
na kijiji chote kikanukia moshi mtamu,
maana kila ua una moto wake
na kila moto una mwanamke
anayeapa kwamba mwenzake huzidisha sukari.

Mama mkwe Yordanka humenya bila kutazama.
Vidole vyake vina macho.
Mimi hutazama, na bado huacha vigaga vyeusi,
naye huvichopoa, kimya, mwaka wa kumi na moja huu.
Zamani nilidhani ni dharau.

Sakitu ya kwanza imeanguka juzi.
Nyasi zimeamka na mvi,
maboga yakang'aa kama vichwa vilivyonyolewa,
na Zdravko akapanda paani bila kuambiwa
na jiwe lililofungwa kamba, kuzibua bomba la moshi.
Alishuka na masizi hadi kwenye kope,
mkononi kiota kikuu cha ndege.
Hakukitupa. Kipo dirishani, karibu na chumvi.
Sijamuuliza kwa nini.

Kuni mita nne, mwaloni mtupu, zimepangwa ukutani,
upande uliokatwa ukitazama nje,
kwa sababu baba yake alizipanga hivyo.
Malihafu ya sufu yameanikwa juani
yatoe harufu ya kabati.
Kalin, miaka sita, anahesabu chupa:
hamsini na sita, hamsini na saba,
paka akapita, akaanza tena moja.

Akiba haiozi, husemwa.
Huoza.
Kifuniko kikilegea robo ya mzunguko tu,
kufikia Krismasi kuna ukungu.
Kwa hiyo nakaza. Nakaza kwa kitambaa,
kiganja kikiwaka, halafu Yordanka anakuja nyuma yangu
anakaza tena.

Mwaka ule, Svetla anajua, nilifunga sanduku.
Basi la Sofia lilikuwa saa kumi na mbili na dakika kumi,
na sufuria ilikuwa motoni,
na nyanya hukamata chini ukigeuka kupiga chafya.
Nikasema, nikoroge kwanza.
Nilipoinua kichwa basi lilikuwa limeshavuka daraja.
Watu hudhani nilibaki kwa mapenzi.
Nilibaki kwa sufuria.
Mapenzi yalikuja baadaye, yamechelewa kama basi lenyewe,
yakanikuta nimekaa hapahapa
nikilamba mwiko.

Sasa ni usiku. Ukungu umeshuka kutoka mlimani
ukaegemea mlango kama ng'ombe.
Ndani, jiko linaguna, soksi zinachuruzika kwenye waya,
Zdravko amesinzia na kiatu kimoja,
chupa zimepinduliwa sakafuni chini ya blanketi
kama watoto wa mtu mwingine waliokuja kulala,
na mimi sina mahali pengine ninapotaka kuwa.
Nalisema neno hili polepole,
nisilishtue.

"Nini hicho?" anauliza Svetla.
"Nini?"
"Hicho kinacholia."
Nikapiga magoti, nikaweka simu kando ya blanketi.
Tik.
Kifuniko kimoja kimeshikwa na baridi, kimebonyea.
Kimya. Tik. Tik.
Huko kwake kulikuwa na lifti ikifunguka, ikifunga,
na sauti ya mtu akicheka kwa lugha ya watu.
Hakukata.

"Ngapi?" akauliza mwishoni.
"Hamsini na nane."
"Na moja imepasuka?"
"Moja imepasuka. Mama kasema ni ya nyumba."
"Ee," akasema, "ya nyumba,"
kwa sauti ya mtu aliyebisha hodi usiku
akasikia ndani kikohozi anachokijua.