Chenga

Kompyuta imekesha, nami nimekesha nayo,
chumba namba kumi na saba, Mlimani, feni inalalamika.
Nyota ilikufa kabla sijazaliwa babu wa babu yangu;
sijui kama niililie, kwangu ni tarakimu kwenye orodha.
Ilivua ngozi yake ikaitupa angani,
katikati kikabaki kiini kidogo, cheupe, kikali.

Kazi yangu ni vumbi.
Nalichagulia umbo: tufe, maana tufe ni rahisi.
Nalichagulia asili: masizi, au mchanga?
Kisha nauliza: likiota moto wa kiini kile
litarudisha infraredi kiasi gani?

Mstari wangu unapanda, nukta za darubini zinapanda,
vinakwenda pamoja kama maharusi
mpaka upande wa mawimbi mafupi. Hapo, talaka.
Angani kuna joto nisilokuwa nalo.
Dokta Rweyongeza aliandika pembeni kwa kalamu ya kijani:
Umesahau nini?

Saa tisa usiku umeme ukakatika.
Nikakaa gizani, na giza la Dar lina jasho.
Likanijia ghala la mama, Mburahati,
magunia hadi darini, Bi Sikudhani
na viganja visivyotakata hata Idi.
Hakuwa na kipimajoto. Alinyoosha mkono
juu ya jiko la kijivu, lililokwisha kufa,
akasema: bado, hili lina neno.

Mapande makubwa yaliwaka taratibu, yakatulia na joto lao.
Lakini chenga, zile za chini ya gunia
wateja walizozikataa,
akizirusha motoni konzi moja
ziliruka pwaa! nyeupe, njano,
zikazima kabla sijahesabu mbili.

Chenga.
Chembe ndogo mno haina pa kuweka akiba.
Fotoni moja yatosha kuipandisha wazimu.
Nami nilizigawia zote joto moja,
kama uji wa shule.

Umeme ukarudi saa kumi na moja na robo,
mwadhini wa Changanyikeni akikohoa kwenye spika.
Nikafungua faili, nikaongeza zile zilizokataliwa.
Mstari ukainuka. Haukugusa zote;
nukta mbili ziko juu bado, zinanitazama.

Nikampigia mama. Akauliza kama nimekula.
Nikasema, nimekuta biashara yako angani.
Akanyamaza kidogo.
"Huko debe wanauza shilingi ngapi?"