Mama Mwenye Sharubu

Barua ya chuo cha Halle ilikuwa na mistari minne.
Alama zangu za hesabu zimewaridhisha,
za kemia zimewafurahisha,
ila
(na hiyo "ila" nilikwisha kuijua kwa Kijerumani
kabla ya kuijua njia ya kwenda kwao)
kwanza nilete cheti cha lugha,
daraja la C moja, stadi zote nne,
kabla ya tarehe kumi na tano Julai.

Kutaisi, jikoni kwetu, vikaratasi vikaota kama uyoga:
kwenye friji, kwenye birika,
kwenye mlango ambao haujawahi kufungika vizuri.
Meza ni mwanamume. Taa ni mwanamke.
Msichana si huyu wala yule,
msichana ni kitu.
Bibi Tsiuri akauliza, mwiko mkononi:
"Na mimi je, wamenitia kundi gani?"
Lugha yetu haina makuu hayo;
neno moja humtosha mwanamume, mwanamke na mwezi.

Ada ya mtihani ikanywa mtungi mzima wa divai,
ule uliofukiwa uani mwaka niliozaliwa
ukingojea harusi yangu.
Baba aliufukua usiku, majirani wamelala,
akauza, akarudi, akanawa udongo,
hakusema kitu.

Alisema kaseti za mazoezi.
Alizicheza ndani ya lori, kreti za maji ya chemchemi zikigongana nyuma,
mpaka akawa anatutangazia mezani kwa sauti ya stesheni:
treni ya Kassel imechelewa dakika ishirini,
abiria wahamie jukwaa la saba.
Hajui Kassel iko wapi.
Kuchelewa anakujua.

Tbilisi, chumba cha ghorofa ya tatu.
Niliandika maneno mia mbili na hamsini
kutetea baiskeli zipewe njia yao mijini,
mimi nisiyewahi kupanda baiskeli.
Kisha mazungumzo. Bi Ohlendorf, penseli yake imechongwa mno,
akasema kwa upole: tuambie kidogo habari za nyumbani,
utulie tu, hayo hayahesabiwi.

Nikatulia.
"Mama yangu ni dereva wa lori," nikasema.
"Mama yangu ana sharubu,
na akicheka, vioo vya lori hutetemeka."

Penseli ikasimama.
Msahihishaji wa pili, mtu wa kwetu,
akageukia dirisha akiuma mdomo.

Ulimi hauna mfupa, wanasema;
wangu siku hiyo ulikuwa na miguu,
ulirudi nyumbani bila kuniaga.
Maana kwa Kijojia, na hili halimo katika fomu yoyote,
baba ndiye huitwa mama,
na mama huitwa deda,
na deda yangu sina wa kumwelezea,
nilikuwa na miaka minne.
Hayo yote ningeyasema kwa Kijerumani gani?
Yaliyofuata, yale yanayohesabiwa,
niliyasema nikitazama kucha zangu.

Matokeo yalikuja Jumanne, mvua inanyesha.
Kusoma themanini na moja.
Kuandika sabini na nne.
Kusikiliza tisini.
Kuzungumza hamsini na nane, na mlango uko sitini.

Baba aliisoma karatasi kwa kidole, mstari kwa mstari,
akarudi juu, akagonga pale penye tisini:
"Hii ni yangu."
Halafu akatoka uani
akasimama juu ya mtungi wa pili, wa kaka yangu Lasha,
akiupima kwa kisigino.

Usiku nikamkuta ndani ya lori, injini imezimwa,
taa ndogo inawaka.
"Haya," akasema, "niulize. Mimi nani?"
"Fata," nikamwambia.
"Tena."
"Fata."
Akalijaribu kinywani; likamkaa vibaya,
kama koti la kuazima mikono ikiwa mifupi.
Sharubu zikaanza kucheza, kioo cha mbele kikatetemeka,
nami nikamwita, kimoyomoyo,
kwa jina lile la alama mbili.