Onyo Si Salamu

Květoslav, mstari wako wa mia tatu na sita nimeusoma mara mbili:
ofisini kwanza, kisha ndani ya tramu namba nne,
theluji ya Brno ikigeuka tope dirishani
na bibi mmoja mwenye mfuko wa karoti
akinichungulia skrini kana kwamba nasoma barua ya mapenzi.

Umeandika: mtumiaji akileta namba hasi, kiini kipige onyo.
Namba hasi! Nani hajawahi kukosea namba?
Mama yangu, Drahomíra, humpigia fundi wa gesi
akinitafuta mimi. Fundi humwambia, "Umekosea, mama,"
anakata. Hapigi king'ora. Hawaamshi zimamoto.

Basi mrudishie namba yake.
Mpe msimbo wa kosa mkononi kama chenji,
ufunge dirisha taratibu, uendelee na foleni.
Mtumiaji ana haki ya kukosea.
Wewe na mimi ndio hatuna.

Onyo ni letu.
Ni la yale tuliyoapa kwamba hayawezekani:
kufuli lililofunguliwa na asiyelishika,
hesabu ya wenye kushika iliyoteremka chini ya sufuri,
kielekezi kinachonyooshea kidole nyumba iliyobomolewa jana.
Hapo piga. Hapo hata mimi niamshe.
Mgeni hakupotea njia; ramani yetu ndiyo iliyosema uongo.

Hujaniuliza ukali huu nimeutoa wapi.
Miaka tisa iliyopita niliandika mstari kama wako, pacha wake.
Niliogopa kukosea kimya kimya,
nikaona heri kelele.
Huko Ostrava, kwenye kituo cha kupasha joto magorofa,
seva ilikuwa imeagizwa: ukisikia onyo lolote, jizime.
(Usiwacheke. Wapo wanaoona heri mashine iliyokufa
kuliko mashine inayoendelea kuishi na uongo.)
Usiku wa Januari kipimajoto kibovu kikatuma namba ya ajabu.
Mashine ikaona onyo langu, ikafa.
Ikaamka, ikaliona tena, ikafa.
Mara arobaini na moja hadi alfajiri.
Mlinzi wa zamu, Svatopluk, alivaa makoti mawili
akazungusha vali kwa mikono, moja baada ya moja,
huku vyumba mia mbili vikilala na soksi.
Hakunitukana. Aliniandikia sentensi mbili:
"Mashine yangu ilikuwa nzima.
Aliyepiga mayowe ni wewe."

Tangu hapo, kabla ya onyo, najiuliza:
nani anaweza kulifikia hili kwa kidole chake tu?
Kama yupo, nalifuta.

Na likibaki, liseme mara moja, kisha linyamaze.
Nimewahi kusoma daftari la mashine moja ya Zlín,
onyo lile lile mara elfu sitini,
na katikati yake, kama kokoto kwenye gunia la mchele,
mstari mmoja wa diski ikiaga dunia.
Hakuna aliyeuona. Dalili ya mvua ni mawingu, sawa,
lakini anga ikiwa mawingu mwaka mzima
nani atabeba mwavuli?

Unazijua kengele za Petrov:
saa tano asubuhi zinagonga kumi na mbili, kama adhuhuri.
Mjini hapa hageuki mtu.
Ni watalii tu wanaotazama saa zao, wakizitilia shaka.

Kwa hiyo rekebisha, unitumie tena. Mengine ni mazuri,
hasa ulivyozipanga njia za kutokea.

Nikuambie jambo moja, libaki kwetu.
Katika faili lile lile, chini kabisa, kuna onyo langu,
moja, nililoliacha kwa makusudi.
Kila toleo jipya hulipitia. Halijawahi kulia.
Sijui ni kwa kuwa tuko sahihi,
au ni kwa kuwa bado hajafika mtu pale.