Breki ya Pili

Miaka thelathini na moja nilikalia kiti cha kulia,
kiti kisicho na usukani,
nikiwafundisha udereva vijana wa Akureyri.
Chini ya mguu wangu palikuwa na kanyagio moja tu,
breki ya pili.
Hawakuikumbuka mpaka iwaumbue.

Ketill, mtoto wa muuza samaki, aliiita mzimu.
"Mzimu umenikamata tena, Steinunn,"
na gari limegota hatua mbili kabla ya taa nyekundu.
Hapa kwetu taa nyekundu ina umbo la moyo.
Wageni huipiga picha.
Ketill aliipita tu.

Sasa nimestaafu, na gari langu jipya limekuja na adabu zake.
Nikiukaribia mstari, usukani hutetemeka
kama ngozi ya farasi anayefukuza nzi.
Nikimsogelea aliye mbele, hulia ti, ti, ti.
Nikipiga miayo, hunichorea kikombe cha kahawa
na kuniuliza kama ningependa kupumzika.
Kahawa! Lenyewe halijui hata harufu yake.

Wiki ya kwanza nililitukana.
Wiki ya pili nilisoma kitabu cha maelekezo, kurasa mia nne,
nikakipata kitufe cha kulinyamazisha, nikalinyamazisha.
Asubuhi likaamka na ti, ti yake,
limeshausahau ugomvi.
Mimi sikuusahau.

Halafu Oktoba, natoka Mývatn, ukungu umelala barabarani,
gari likafunga breki lenyewe.
Mkanda ukanikaba kifua, mkoba ukaruka, miwani nayo.
Nikafungua mdomo nilaani,
na kutoka kwenye ule weupe akatokea kondoo
na mwanawe, vibandiko vya njano masikioni,
waliokwepa msako wa Septemba.
Wakavuka polepole.
Yule mama akanitazama kama mkaguzi wa leseni.

Mguu wangu ulikuwa bado juu ya mafuta.

Mwosha huoshwa.
Nilikaa pale, taa za dharura zikipepesa,
nikamkumbuka Oddný, miaka kumi na saba,
aliyelia siku nilipomfungia breki mbele ya mzee wa baiskeli.
"Nilikuwa nimemwona! Nilikuwa naenda kukanyaga!"
Nikamwambia, "Najua."
Sikujua.
Mguu wangu ulishatangulia,
na wake haukupata tena nafasi ya kujitetea.

Januari, juu Öxnadalsheiði, theluji ikafukia mistari,
ikaziba kamera, ikajaza kila jicho la lile gari.
Maandishi yakatokea: Shika usukani.
Bila samahani, bila kwaheri.
Nikaendesha kwa kuhesabu vigingi vya njano,
kimoja, kisha cha pili, kisha nikingoja cha tatu kijitokeze,
na gari likakaa kimya kabisa kando yangu,
kama mwanafunzi aliyegundua kwamba hajui.
Nusura nilipigepige begani.

Ketill alikuja Pasaka. Ana ndevu,
anafanya kazi ya kompyuta Reykjavik.
Alisema magari yajayo hayatakuwa na usukani kabisa,
nitakaa nyuma nikifuma soksi, nishtukie nimefika.
Nikamwuliza, na kule mlimani, theluji ikishafuta kila kitu?
"Litajifunza," akasema.
Ndilo neno nililomwambia mama yake
kila Ijumaa, mwaka mzima,
nikipokea ada na kutazama pembeni.

Akanichukua tuzunguke mjini kwa gari lake.
Mikono yake ilikuwa mapajani.
Usukani ulijizungusha taratibu, kama unaota.
Nilikuwa kiti cha kulia tena, baada ya miaka.
Mbele yetu moyo ukawaka mwekundu,
gari likaanza kupunguza mwendo,
na Ketill akainama kutazama miguuni pangu,
pale nilipokuwa nimelikandamiza zulia
mpaka kidole gumba kinauma.

"Steinunn," akasema, "hapo chini hakuna kitu."

"Najua."