Swali la Tisa

Swali la tisa kwenye fomu liliuliza:
mafanikio ya mradi mtayapimaje?
Tukanyamaza. Mererid akachemsha chai mara ya pili.
Ukumbi wa kanisa ulikuwa baridi,
mvua ya Wales ikigonga paa kama mdai,
nasi tulikuwa watatu, hazina ikiwa mikononi mwangu:
sanduku la biskuti, pauni arobaini na sita.

Tuliomba elfu mbili na mia nne.
Mabuti ya mpira, jozi ishirini na mbili.
Nyavu za mkono, trei nyeupe, lenzi,
miche ya mierebi ya kushika ukingo,
na nauli ya mwalimu mmoja
anayewaita wadudu kwa majina yao.

Idwal, aliyekula vumbi la makaa miaka thelathini,
akasema: Andika mto wetu unaitwa Nant Goch,
kijito chekundu, na si kwa ajili ya machweo.
Andika ni kutu ya mgodi, na kutu hiyo
mimi ni mmoja wa walioifungulia mlango.
Nikamwambia, Idwal, nafasi ni maneno hamsini.
Akasema, basi andika kutu.

Jibu lilikuja Machi. Walitupa nusu.

Haba na haba hujaza kibaba, najua,
lakini mguu haujui kibaba,
mguu unataka buti lake.
Jozi kumi na moja, watoto ishirini na wawili:
nusu majini, nusu ukingoni na penseli,
kisha filimbi, kisha zamu,
na kila aliyeingia majini alikuta ndani ya buti
joto la mguu wa mwenzake.

Tegwen, miaka tisa, ambaye shuleni
humjibu mwalimu kwa mabega tu,
aligeuza jiwe.
Hakupiga kelele. Alikuja na trei kifuani
kama anayebeba uji wa mgonjwa,
akasema: Ana mikia mitatu.

Mwalimu akainama. Akahesabu. Akahesabu tena.
Huyu, akasema, haishi kwenye maji machafu.

Idwal akaomba lenzi. Mkono wake ukitetemeka,
ikabidi Tegwen amshikie.
Akatazama muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu,
halafu akamuuliza yule mdudu, kwa Kiwelshi,
kama unavyomuuliza jirani mpya:
Umehamia lini?

Sasa ni Novemba, na fomu ya ripoti iko mezani.
Mierebi saba imeshika, mitano imeliwa na kondoo.
Swali la tisa limerudi na kisanduku chake kidogo.
Nimeandika: Mmoja. Mikia mitatu.
Alirudishwa chini ya jiwe lake.
Risiti ya mabuti imeambatishwa.
Tunaomba ile nusu nyingine.