Mstari wa Kumi na Saba

Armand, sogeza kikombe chako,
unaniloweshea risiti za Februari.
Theluji ya paani inaporomokea gari la jirani,
na Aprili kumi na tano haimngoji mtu.

Mrekebisha piano. Ndivyo nilivyoandika
penye nafasi ya kazi.
Mwajiri: mimi. Mwajiriwa: mimi.
Anayenyimwa likizo: mimi tena.

Kiwanda cha karatasi kilipofungwa
kilikuachia saa ya ukutani na kifua kinachopiga mluzi.
Bima yao ilikufa Ijumaa, saa kumi jioni.
Jumatatu nikakuingiza kwenye yangu,
na tangu hapo, kila tarehe mosi,
dola mia saba na tisini huondoka bila kuaga.

Kumbe sheria nayo ina kamoyo.
Inasema aliyejiajiri aikate ada ya bima,
ya nafsi yake na ya mwenzi wake,
kabla kodi haijanoa kisu.
Mwenzi.
Nimelisoma neno hilo mara mbili
katikati ya maneno makavu,
kama mtu aliyekuta kifungo cha shati lako
ndani ya mkebe wa misumari.

Halafu nikashuka kidogo:
isizidi faida ya biashara.

Haya, tuhesabu.
Kanisa la Mtaa wa Birch limeuza piano yake.
Shule imenunua kinanda cha umeme,
kisichojua baridi, kisichonihitaji.
Bibi Thériault alikufa Juni; wanawe
wakaitoa ile piano yake nje, mvuani,
na kibao shingoni: CHUKUA BURE.
Toa petroli. Toa nyaya. Toa nyundo mpya.
Faida ya mwaka mzima, elfu sita na mia moja.
Ada yetu, elfu tisa mia nne na themanini.

Kwa hiyo mbele ya serikali
tumekuwa mke na mume
hadi Agosti ishirini na mbili, adhuhuri.
Baada ya hapo umekohoa nje ya hesabu.

Usicheke, utakohoa tena.

Unajua, piano iliyolingana
haina sauti mbili zilizopatana kabisa.
Kila jozi naipunja kidogo, unywele tu,
ili wimbo wowote upite bila kujikwaa.
Ukikataa kupunja, makosa yote hukusanyika mahali pamoja
na kubweka. Mafundi wa zamani
walimwita mbwa mwitu.

Mwaka huu amelala chini ya meza yetu:
elfu tatu mia tatu na themanini,
hana mstari wa kukaa.
Wacha alale.

Nipe kalamu.
Naandika kilichoruhusiwa, natia sahihi,
nawe utie hapa, chini ya jina langu.

Sasa vuta pumzi. Polepole.
Hiyo ni ya Oktoba.